Kichipu na Swichi ya Nafasi Kumi na Mbili

Paukwa!

Mmeitikia vizuri. Sogeeni basi, wapwa zangu, kila mmoja apate pa kukaa. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina kidude cheusi ambacho urefu wake haufiki sentimita 4. Kidude hicho kina miguu 28, kumi na minne huku na kumi na minne kule, lakini hakitembei.

"Mjomba, miguu yote hiyo na hakitembei?"

Hakitembei. Miguu yake ni ya kusikia na ya kuamuru. Mafundi hukiita maikrokontrola. Sisi tutamwita Kichipu, kwa sababu leo atasema, na anayesema lazima awe na jina.

"Kichipu ni kompyuta?"

Umeuliza vyema. Ndiyo, ni kompyuta, ila ni ndogo mno. Haonyeshi sinema. Hachezi gemu. Anafanya kazi moja uliyomfundisha, mchana na usiku, bila kusinzia. Huyu wetu ni wa aina ya ATmega328P, na ndiye anayekaa juu ya ubao wa Arduino Uno. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia. Walimu wa pale walitaka wanafunzi wao watengeneze vitu vyenye akili bila kumaliza fedha za mfukoni. Leo ubao huo umefika mbali sana na Ivrea. Umefika mpaka Songea.

Hapa Songea, mtaa wa Bombambili, Kichipu alipata kazi kwa shangazi mmoja mfugaji. Shangazi huyo ana mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine yenyewe ni sanduku la mbao. Ndani mna balbu ya kupasha joto, feni ya kusambaza joto hilo, na trei inayogeuza mayai.

"Mayai yanageuzwa ya nini?"

Hata kuku mwenyewe huyageuza kwa mdomo wake. Yai lisipogeuzwa, kifaranga anayekua ndani hunata kwenye ganda. Na joto nalo lina kipimo chake. Kwa mashine yenye feni ni nyuzi 37.5. Likizidi sana, kifaranga hufa. Likipungua sana, hachomozi. Sasa mnaona kwa nini shangazi alimtaka Kichipu. Nani mwingine atakesha usiku kucha akitazama joto?

Ila shangazi hatotoleshi mayai ya kuku peke yake. Wiki hii jirani ameleta mayai ya bata. Wiki ijayo mwingine ataleta ya kanga. Na mayai hayatoki siku moja. Kware huchomoza siku ya 17 au 18. Kuku siku ya 21. Bata mzinga siku ya 28. Wale bata wenye uso mwekundu wanaozagaa uani hukawia hadi siku ya 35. Tena, siku tatu kabla ya kutoka, trei inatakiwa isimame ili kifaranga ajipange kutoboa ganda. Kichipu akidhani ni kuku kumbe ni bata, ataisimamisha trei siku ya 18, na kwa bata siku ya 18 bado ni mapema mno.

Kwa hiyo ni lazima Kichipu aambiwe: leo ni mayai ya nani?

Ndipo alipoletwa Bi Swichi.

Bi Swichi alitoka duka la vipuri. Ni swichi ya kuzungusha. Mbele ana kishikio chenye mshale. Nyuma ana vijiguu 12 vilivyojipanga duara, na kijiguu kimoja katikati. Ukizungusha kishikio, ta! mshale umehama nafasi moja. Ta! nafasi nyingine. Ndani yake kuna ulimi wa shaba unaounganisha kijiguu cha katikati na kimoja kati ya vile 12. Ni kimoja tu kwa wakati mmoja.

Shangazi aliandika namba kuzunguka mshale, 0 mpaka 11. Sifuri ni zima. Moja ni kware. Tatu ni kuku. Tano ni bata. Na kadhalika, mpaka nafasi za kujaribu feni, trei na kengele.

"Hodi," alisema Bi Swichi.

"Karibu," alisema Kichipu. "Unahitaji nini kwangu?"

"Nina nafasi 12. Nipe miguu 12."

Kichipu alishtuka. "Miguu 12! Bibi, mimi nina miguu michache!"

"Mjomba, si umesema anayo 28?"

Safi! Mtoto anayehesabu hadanganyiki. Haya, tuhesabu wote. Miguu 8 kati ya hiyo 28 ni ya Kichipu mwenyewe. Huingiza umeme, hurudisha umeme, humpa mapigo ya kufanyia kazi, na mmoja ni wa kumwanzisha upya. Hiyo haiazimwi. Imebaki 20. Kati ya hiyo 20, miguu 14 ilikwisha kupata kazi. Kioo kidogo cha kuonyesha maandishi kimechukua 6. Mota ya trei, 2. Balbu, 1. Feni, 1. Kengele, 1. Kihisi cha joto, 1. Na 2 ni ya kuzungumza na kompyuta ya mtoto wa shangazi, anayeandika programu. Jumlisheni. Sita na mbili, nane. Nane na moja, tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Na mbili za mwisho, kumi na nne.

Ishirini toa kumi na nne?

Sita! Bi Swichi anataka 12, na iliyobaki ni 6. Miguu haitoshi.

"Si anunue Kichipu mwenye miguu mingi zaidi?"

Anaweza. Wapo wenye miguu 100. Lakini huyo ni ghali zaidi, na miguu yake imebanana mno kwa mkono wa mtoto. Kabla ya kununua miguu, wapwa zangu, kagueni kwanza swali linaloulizwa.

Kichipu alikuwa akiwaza hivi: "Nitaweka mguu mmoja kwa kila nafasi. Mguu wa kwanza utauliza, Ni wewe? Utajibiwa ndiyo au hapana. Mguu wa pili utauliza, Ni wewe? Ndiyo au hapana. Na wa tatu. Na wa nne." Mwishowe mguu mmoja husikia ndiyo, na miguu 11 husikia hapana, hapana, hapana. Je, si upotevu huo? Miguu 11 imekaa inasikiliza hapana!

Swali la "Ni wewe?" ni swali dogo. Jibu lake ni moja kati ya mawili. Lakini kuna swali lingine. Swali la "Kiasi gani?" Jibu lake laweza kuwa 3, laweza kuwa 300, laweza kuwa 1,000. Swali moja, majibu mengi.

"Kichipu anaweza kuuliza kiasi gani?"

Anaweza! Ile miguu 6 iliyobaki ina kipaji hicho. Mafundi huiita miguu ya analogi, na kwenye ubao imeandikwa A0 hadi A5. Mguu wa kawaida husikia umeme upo au haupo, basi. Mguu wa analogi husikia umeme upo kiasi gani. Hupima kuanzia volti 0 hadi volti 5, kisha humpa Kichipu namba. Volti 0 ni namba 0. Volti 5 ni namba 1023. Nusu yake ni kama 512. Kupima mara moja huchukua kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kabla hujamaliza kupepesa jicho, amekwisha kupima mara nyingi.

"Lakini swichi haina kiasi, Mjomba. Ina nafasi tu."

Hapo ndipo penyewe. Nimelingojea sana swali hilo, na aliyeliuliza atapata karanga za ziada. Ni kweli, Bi Swichi hana kiasi. Inabidi tumpe. Na watakaompa ni ndugu 11.

Fundi redio wa pale Majengo alifungua kopo lake akawatoa. Rizista 11, wadogo, kila mmoja na milia ya rangi mwilini. Kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia, na mwisho kahawia tena. Milia hiyo ndiyo jina lake. Inasema: mimi ni rizista ya omu 1,000, na sikosei zaidi ya asilimia 1.

"Kazi yenu nini?" aliuliza Kichipu.

"Kazi yetu ni kuupunguza umeme," walijibu kwa sauti moja. "Kila mmoja wetu anapunguza sawa na mwenziwe. Hatupunjani."

Wakaenda kusimama nyuma ya Bi Swichi. Ndugu wa kwanza alishika kijiguu namba 0 kwa mkono mmoja na kijiguu namba 1 kwa mkono wa pili. Wa pili alishika namba 1 na namba 2. Wa tatu, namba 2 na namba 3. Hivyo hivyo mpaka wa kumi na moja, aliyeshika namba 10 na namba 11. Kati ya namba 11 na namba 0 hakusimama mtu. Mlango huo uliachwa wazi.

Kisha fundi akachomelea nyaya tatu. Waya wa kwanza kutoka kijiguu namba 11 kwenda volti 5. Waya wa pili kutoka kijiguu namba 0 kwenda hasi, yaani volti 0. Waya wa tatu kutoka kijiguu cha katikati kwenda mguu A0 wa Kichipu.

Nyaya tatu. Na mguu wa Kichipu uliotumika?

Mmoja! Mmoja tu.

"Mjomba, sijaelewa. Mguu mmoja unajuaje?"

Ukisema hujaelewa umenifurahisha kuliko anayenyamaza. Tazama kule mashariki ya mji. Unaiona milima ya Matogoro? Mto Ruvuma huanzia pale. Kwenye mto huohuo, pale Tulila, masista wa Chipole wana kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji yanayoshuka. Maji yakiwa juu yana nguvu. Yakishuka, nguvu inatumika.

Sasa fikiri kuna njia inayoshuka kutoka kilele cha Matogoro hadi bondeni. Njia hiyo ina mishuko 11. Mishuko yote ni sawa, hakuna mrefu wala mfupi. Baada ya kila mshuko kuna kituo cha kupumzikia. Ukihesabu na kilele chenyewe, na bonde lenyewe, vituo ni vingapi?

Kumi na viwili. Sawasawa!

Kilele ni volti 5. Bonde ni volti 0. Kila rizista ni mshuko mmoja. Umeme unashuka njia hiyo hatua kwa hatua, na katika kila mshuko unapoteza kimo kilekile. Bi Swichi ni msafiri aliyesimama kwenye kituo kimojawapo. Kichipu yuko mbali, hamwoni. Hana haja ya kumwona. Anamwuliza swali moja tu: "Bibi, uko juu kiasi gani?"

Bi Swichi anajibu kwa kimo. Kimo kikijulikana, kituo kimejulikana.

Umeona? Haulizi, "Uko kituo cha kwanza? Uko cha pili? Uko cha tatu?" Anauliza mara moja: uko juu kiasi gani?

"Na kimo chenyewe ni namba gani?"

Lete kijiti, tuandike hapa chini. Kilele ni 1023. Mishuko ni 11. Gawanya 1023 kwa 11.

Mmepata 93? Kamili kabisa, bila baki! Si kila namba itakupa raha hiyo. Basi kila kituo kimepishana na mwenziwe kwa 93. Bonde ni 0. Kituo cha kwanza ni 93. Cha pili, 186. Cha tatu, 279. Cha nne, 372. Cha tano, 465. Cha sita, 558. Cha saba, 651. Cha nane, 744. Cha tisa, 837. Cha kumi, 930. Na kileleni, 1023.

Shangazi akizungusha mshale kwenye 3, yaani kuku, Kichipu husoma 279. Akizungusha kwenye 5, yaani bata, husoma 465. Kutoka 279 hadi 465 ni mbali. Kuku na bata hawawezi kuchanganywa.

"Je, Kichipu akisoma 270? Si 279, tena si 186."

Wewe utakuwa fundi mkubwa! Rizista hata za mama mmoja hazilingani kabisa. Mmoja ana omu 1,004, mwingine 995. Kwa hiyo namba hucheza kidogo. Dawa yake ni rahisi. Usimwambie Kichipu, "Ukiona 279 ni kuku." Mwambie, "Tazama kituo kilicho karibu zaidi." Nusu ya 93 ni 46 na kitu. Kwa hiyo Kichipu huchukua namba aliyosoma, hujumlisha 46, kisha hugawanya kwa 93 na kutupa baki. Tujaribu na 270. Jumlisha 46, ni 316. Gawanya kwa 93, unapata 3 na baki. Tupa baki. Ni 3. Ni kuku!

Jaribu mwenyewe na 452. Umepata 5? Ni bata. Umeweza.

"Na kama fundi hana rizista zenye mlia wa mwisho wa kahawia?"

Zile za mlia wa mwisho wa dhahabu zaweza kukosea hadi asilimia 5. Hata hizo zitakufikisha. Hata zikikosea vibaya kabisa, za juu zote zimezidi na za chini zote zimepungua, namba itahama kama 25 hivi. Bado 25 ni ndogo kuliko 46. Ila ukipata za kahawia, chukua za kahawia. Shilingi chache huokoa mayai mengi.

Sasa mtoto mwingine ananiuliza swali linalonifanya nivue miwani.

"Mjomba, umeme hapa kwetu wakati mwingine hupungua. Volti 5 zikiwa 4 na nusu, si Kichipu atadhani bata ni kanga?"

Hilo ni swali la kiinjinia. Mpigieni makofi. Kweli, umeme hucheza. Hata baada ya Songea kuunganishwa na gridi ya Taifa kwa ile laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, ukubwa wa laini hauzuii mti kuangukia nguzo. Shangazi ameweka betri ya akiba, na betri ikichoka, volti hushuka.

Lakini sikilizeni jambo tamu. Rula ya Kichipu, ile anayopimia kimo, haitoki dukani. Yeye hupimia kwa umeme uleule anaoula. Kwake, 1023 maana yake si volti 5. Maana yake ni "kimo chote cha mlima wa leo". Mlima ukifupika, rula nayo imefupika kwa kiasi kilekile. Kituo cha tano kati ya mishuko 11 kinabaki cha tano kati ya 11. Kichipu alisoma 465 jana, na anasoma 465 leo betri ikiwa imechoka. Bata ni bata.

"Kwa hiyo Kichipu hakosei kamwe?"

Taratibu. Kuna kipindi kifupi cha hatari. Bi Swichi anapohama kutoka nafasi ya 3 kwenda ya 4, ulimi wake wa shaba huacha kijiguu kimoja kabla haujagusa kingine. Kwa muda mfupi sana hayupo kituo chochote. Mguu A0 unabaki hewani. Mguu ulio hewani husikia kelele za kila waya ulio jirani, na husema namba yoyote. Mara 700. Mara 12. Mara 391.

Fundi wa Majengo aliona hilo, akafanya mambo mawili.

La kwanza, aliongeza rizista moja kubwa ya omu 100,000 kati ya mguu A0 na hasi. Bi Swichi akiwa hewani, rizista hiyo huuvuta mguu taratibu hadi bondeni. Kelele zinakwisha, namba inakuwa 0. Bi Swichi akitua kituoni, rizista hiyo ni dhaifu mno kumshinda. Humvuta chini kidogo tu. Kuku atasoma kama 273 badala ya 279. Fanyeni hesabu yetu: 273 jumlisha 46, gawanya kwa 93. Bado ni 3.

La pili, alimfundisha Kichipu subira. "Usiamini jibu la kwanza. Uliza. Ngoja kidogo. Uliza tena. Majibu yakiwa yaleyale kwa robo sekunde, ndipo uamini."

Robo sekunde! Kwa shangazi si kitu. Kwa Kichipu ni muda mrefu wa kutosha kuuliza tena na tena. Na ile sifuri ya hewani inapita upesi, haifiki robo sekunde. Basi Kichipu haizimi mashine ovyo.

"Mjomba, kwa nini tusitumie kitufe kimoja? Nibonyeze mara tatu iwe kuku, mara tano iwe bata. Nacho kinatumia mguu mmoja."

Ni wazo zuri, na watu wengi hulitumia. Lakini umeme ukikatika usiku wa manane, kisha ukarudi, Kichipu huamka akiwa amesahau ulibonyeza mara ngapi. Unaweza kumfundisha aandike kwenye kumbukumbu yake isiyofutika. Anayo, ndogo, ya baiti 1,024. Siku za mayai ni lazima aziandike humo, maana Bi Swichi hahesabu siku. Ila aina ya mayai haina haja ya kuandikwa popote. Umeme ukatike, urudi, ukatike tena, mshale bado uko kwenye 5. Kichipu akiamka anauliza tu: "Bibi, uko juu kiasi gani?" Na shangazi naye, akipita na kurunzi gizani, anauona mshale kwa macho yake. Hahitaji kioo kuwaka.

Fundi alimwonyesha mtoto wa shangazi na njia nyingine, ya Kichipu asiye na mguu wa analogi. Huyo anajua ndiyo na hapana tu. Hata huyo hahitaji miguu 12. Anahitaji 4.

"Minne inatoshaje?"

Mguu wa kwanza mpe thamani 1. Wa pili, 2. Wa tatu, 4. Wa nne, 8. Nafasi ya 3 huamsha mguu wenye thamani 1 na wenye 2, kwa sababu 1 na 2 ni 3. Nafasi ya 5 huamsha wenye 1 na wenye 4. Nafasi ya 11 huamsha wenye 8, wenye 2 na wenye 1. Miguu minne kwa ndiyo na hapana hutoa majibu 16 tofauti, maana mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 16. Nafasi 12 zinaenea, na nyingine zinabaki. Kazi ya kupeleka umeme kwenye miguu inayotakiwa hufanywa na dayodi, ambazo huruhusu umeme upite upande mmoja tu. Njia hii haijali vimo wala nusu ya 93. Lakini inakula miguu 4, na dayodi zake ni nyingi kuchomelea. Mtoto wa shangazi alichagua ndugu 11 na mguu mmoja. Ikabaki miguu mitano ya akiba.

Kichipu alifurahi. "Nina miguu michache," alisema, "na bado imebaki!"

Sasa maneno mawili ya mjomba kabla hamjakimbilia nje. Mkitaka kujaribu, chezeni na volti 5 za ubao peke yake. Hizo hazidhuru mkono wenu. Lakini balbu ya mashine inakula volti 230 za ukutani, na hizo ni za fundi. Mtoto hazigusi, hata akiwa hodari, hata akiwa na haraka. Na mashine ya kuchomelea risasi ina moto mkali. Mwachie mkubwa, yeye achome, wewe uelekeze.

Mkiwa sekondari, msiache kazi zenu kabatini. Kuna maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza mwaka 2012, ambako wanafunzi wa sekondari hupeleka utafiti wao Dar es Salaam. Pale hakuna atakayekuuliza ulinunua chipu ya miguu mingapi. Watakuuliza ulitaka kujua nini, na ulijuaje.

Haya, swali la kupeleka nyumbani. Shangazi mwingine, yuko Lizaboni, ana feni yenye mwendo wa 0, 1, 2 na 3. Swichi yake ina nafasi 4. Atahitaji rizista ngapi zinazolingana? Kila kituo kitasoma namba gani? Na Kichipu ajumlishe ngapi, kisha agawanye kwa ngapi, ili apate kituo kilicho karibu?

Nitawasaidia kidogo: 1023 inagawanyika pia kwa 3, bila baki. Yaliyosalia ni yenu. Mkikwama kwenye hesabu, njooni mniulize, na mje na maswali yenu mengine pia. Karanga bado zipo.